Vyakula vya Viwandani: Kipi Kiuzwe, Kipi Kipunguzwe

Duka la chama cha ushirika ni mali ya wanachama, na bidhaa zinazopangwa katika rafu zake ndizo zinazofika katika sahani za watoto wao. Kwa hiyo suala la vyakula vya viwandani haliwahusu madaktari peke yao. Linamhusu pia katibu anayeagiza bidhaa, halmashauri inayoidhinisha fedha na mwanachama anayenunua.

Juu ya vyakula hivi husikika kauli mbili. Wako wanaosema kuwa kila kilichotoka kiwandani ni sumu, na wako wanaosema kuwa chakula ni chakula, mradi mtu ameshiba. Kauli zote mbili zina kasoro, na chama kitakachofuata mojawapo bila ya kupima kitawapa wanachama wake hasara.

MAANA YA KUSINDIKA

Kusindika chakula ni kukibadili ili kihifadhike, kiive upesi au kiongezeke ladha. Jambo hili si geni kisiwani Pemba. Tangu zamani muhogo hukatwa na kuanikwa ukawa makopa, samaki hutiwa chumvi na kukaushwa akawa ng'onda, na nazi hukunwa ikatolewa tui na mafuta. Bila ya maarifa hayo wazee wasingeweza kuvuka miezi ya uhaba.

Mwaka 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, nchini Brazil, alipendekeza vyakula vigawanywe kwa kadiri ya kusindikwa kwake. Mgawanyo huo una mafungu manne. La kwanza ni vyakula vilivyo karibu na asili yake, kama ndizi, majimbi, kunde, mayai, samaki na mchele. La pili ni viungo vya kupikia, kama chumvi, sukari na mafuta. La tatu ni vyakula vilivyosindikwa kwa kutiwa viungo hivyo, kama ng'onda na samaki wa kopo. La nne ni vile vilivyosindikwa kupita kiasi, ambavyo hutengenezwa kwa wanga, sukari na mafuta yaliyochujwa, kisha vikatiwa rangi, manukato na dawa zisizokuwamo katika jiko la nyumbani. Humo zimo soda, biskuti nyingi za paketi, tambi za haraka, soseji na unga wa sharubati.

USHAHIDI ULIOPO

Mwaka 2019 wataalamu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 20. Kila mmoja alilishwa vyakula vya fungu la nne kwa wiki mbili, na vyakula vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, akiruhusiwa kula atakavyo. Milo ya pande zote mbili ilipangwa iwe na sukari, mafuta na chumvi kwa viwango vinavyolingana. Hata hivyo, walipokula vyakula vya fungu la nne walizidisha takriban kalori 500 kwa siku, na uzito wao ukapanda kwa karibu kilo moja. Vyakula hivyo ni laini na huliwa upesi, na mlaji hukawia kujihisi ameshiba.

Lakini fungu la nne ni pana mno, na si vyote vilivyomo vina madhara sawasawa. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa vinywaji vitamu na nyama za kusindikwa ndivyo vyenye dosari iliyo dhahiri zaidi, ilhali mikate ya nafaka isiyokobolewa haikuonekana hivyo.

Kadhalika, madhara hayatoki viwandani peke yake. Chai iliyotiwa vijiko vinne vya sukari, maandazi ya kila asubuhi na halua hutengenezwa kwa mikono yetu, na mwili hautofautishi sukari ya jikoni na sukari ya chupa. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 uliona kuwa takriban thuluthi moja ya watu wazima walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Chumvi nyingi ni miongoni mwa sababu za maradhi hayo, iwe imetoka katika paketi ya tambi au katika mchuzi.

FUNZO LA CHUMVI

Wanaolaumu kila kitu cha kiwandani yafaa wakumbuke habari ya chumvi. Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa watu wa visiwani, kwa kuwa hula samaki, hawawezi kupungukiwa na madini joto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliwapima watoto wa skuli wa Unguja na Pemba, wakaona kuwa imani hiyo haikuwa sahihi. Rovu lilikuwapo katika visiwa vyote viwili, na Pemba lilizidi. Chumvi iliyotumiwa Pemba wakati huo karibu yote haikuwa na madini hayo, ingawa Tanzania Bara ilikuwa imeanza kuyaeneza tangu miaka ya 1990.

Upungufu wa madini joto huvimbisha shingo, na kwa mama mja mzito huweza kudhoofisha akili ya mtoto aliye tumboni. Kinga yake ni kutia kiasi kidogo sana cha madini hayo katika chumvi, kazi ambayo ni ya kusindika. Kwa njia hiyo hiyo, kanuni za mwaka 2011 za Tanzania Bara ziliviamuru viwanda vitie madini ya chuma na vitamini katika unga wa ngano, na vitamini A katika mafuta ya kupikia.

Basi swali la kuuliza si kama chakula kimepita kiwandani. Yafaa kuulizwa: kimeongezwa nini, kimeondolewa nini, na kinachukua nafasi ya chakula gani?

HALI YA MADUKA YETU

Swali la mwisho ndilo zito, hasa msimu wa karafuu. Wazazi hushinda mashambani, fedha huwapo mikononi, na soda na biskuti hugeuka kuwa chakula cha mchana cha mtoto. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko vidogo tisa. Mtoto aliyeshiba sukari huacha muhogo na samaki, na duka huandika faida.

Faida hiyo haifai kudharauliwa, kwani duka lisilojiendesha hufungwa. Soda hainuki wala haiozi, na chama kikikataa kuiuza, duka la jirani litaiuza. Kwa hiyo haipendekezwi kupiga marufuku, bali kurekebisha mizani. Halmashauri za vyama yafaa zizingatie haya:

(a) Chumvi inunuliwe iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Iwekwe mbali na jua na unyevu, na isikae sakafuni, kwa sababu madini hayo hupotea.

(b) Orodha ya vilivyomo isomwe kabla ya kuagiza. Kinachotangulia kuandikwa ndicho kilicho kingi zaidi kwa uzito. Sukari ikitangulia, agizo lipunguzwe.

(c) Sehemu ya mtaji itengwe kwa kununua mayai, kunde, ndizi na ng'onda kwa wanachama wenyewe. Vinavyooza vinunuliwe kidogo kidogo, na hasara yake iandikwe wazi katika vitabu.

(d) Msimu wa karafuu, duka liuze vyakula vya kushibisha vilivyo tayari, kama muhogo wa kuchemsha, mayai ya kuchemsha na maji safi.

(e) Taarifa ya mauzo isomwayo katika mkutano mkuu itenge mauzo ya vinywaji vitamu na vitu vitamu na mauzo ya vyakula vingine, ili wanachama wajionee fedha zao zinakokwenda.

Agizo hili la mwisho halina gharama ila kalamu na saa chache za katibu. Wanachama wakishaziona hesabu hizo, uamuzi wa nini kiongezwe na nini kipunguzwe utakuwa wao wenyewe, kama inavyotakiwa katika ushirika.