Makamu Wawili na Jeneza Moja: Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar

Wazazi wa Majengo wenye watoto wa sekondari wamekwisha kuulizwa swali hili, na wengi wetu tumelijibu kwa kubabaisha: kwa nini Zanzibar ina Makamu wa Rais wawili, na yule wa kwanza kwa nini atoke katika chama kilichoshindwa?

Wala si swali la mbali na Dodoma. Ni katika mji huu ambamo Halmashauri Kuu ya CCM ilimteua Dk. Ali Mohamed Shein kugombea urais wa Zanzibar mwaka 2010, na ikamteua Dk. Hussein Ali Mwinyi mwezi Julai 2020. Tena tunao jirani zetu wa Kipemba, watu wa maduka, ambao habari za visiwani huwafikia kwa simu ya jamaa kabla redio haijazitangaza.

Mmoja wao, mzee ambaye hakupenda tumtaje, alitusimulia safari yake ya kwenda kumzika shangazi yake katika miaka iliyofuata uchaguzi wa 1995. Jeneza lilipotoka, majirani wa ukuta mmoja walikuwa wameketi barazani wakilitazama likipita. Hakuna aliyenyanyuka. Miongoni mwa walioketi alikuwamo mtu aliyenyonyeshwa na marehemu huyo huyo, mwana kwake kwa mujibu wa sheria yetu. Kosa la marehemu lilikuwa chama cha wanawe.

Msomaji asidhani hicho kilikuwa kisa cha nyumba moja. Katika uchaguzi ule wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja, na CUF ikayakataa matokeo. Watu wakasusiana maduka na harusi; ndoa zikavunjika kwa sababu ya kadi. Maziko, ambayo ni faradhi ya kutoshelezana, yakawa ya chama. Januari 2001 risasi ziliwaua waandamanaji, Pemba ikiumia zaidi, na mamia ya watu wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Miafaka miwili ilitiwa saini, mwaka 1999 na tena Oktoba 2001. Yote miwili haikugawa madaraka.

Mlango ulifunguka tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipompokea Maalim Seif Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya pamoja, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikarekebishwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba.

Hesabu yake, kwa lugha ya nyumbani, ni hii. Rais ni yule aliyeshinda. Makamu wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika kura za urais, naye ni mshauri mkuu wa Rais. Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais, na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi. Viti vya mawaziri hugawanywa kwa uwiano wa viti ambavyo vyama vimepata katika Baraza hilo. Upo pia mpaka wa chini: chama kisichofikisha asilimia 10 ya kura za urais hakiwezi kudai nafasi ya Makamu wa Kwanza kwa kura hizo.

Mwaka 2010 mizani ilikaa vizuri. Dk. Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, katika majimbo 50, CCM ilichukua 28 na CUF 22. Mawaziri wa vyama viwili wakaketi meza moja, Maalim Seif akiwa Makamu wa Kwanza na Balozi Seif Ali Iddi wa Pili. Mzee wetu anasema mwaka uliofuata alizika tena kwao, na yule mwana wa kunyonya ndiye aliyeshika jeneza mbele.

Sisi tunaona udhaifu wa mpango huu umejificha katika msingi wake wenyewe. Kila kiti hutokana na kura, na ikiwa upande mmoja hauamini kuhesabiwa kwa kura hizo, hakuna cha kugawana. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipoufuta uchaguzi. CUF ilisusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyefika 10, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi 2020. Mpango ulibaki katika Katiba, na umoja haukuwapo.

Mwaka 2020 Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, alipewa asilimia 19.87. Chama chake kiliyapinga matokeo, kisha baada ya mashauriano mazito kikakubali kuingia serikalini, naye akaapishwa Desemba. Mwenye nusu ya kura huketi kama mbia. Mwenye humusi huketi kama mgeni, hata cheo kikiwa kile kile.

Alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Nafasi yake ilichukuliwa na Othman Masoud Othman, ambaye Dodoma inamkumbuka: mwaka 2014, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba hapa mjini, na siku chache baadaye akaondolewa katika wadhifa huo.

Siku ya maziko ya Maalim, mzee wetu hakufungua duka. Jioni simu yake iliita. Alikuwa yule mwana wa shangazi yake, ambaye hajawahi kuiacha CCM, akimpa pole.