BIMA YA GARI KWA DEREVA MZEE

Katika vyama vya maziwa, wako wazee wanaopeleka maziwa kituoni kwa magari yao wenyewe. Yafaa makatibu wawaeleze tofauti za bima.

Bima ya mtu wa tatu, iliyo ya lazima nchini Kenya chini ya Sura ya 405 ya Sheria, hufidia aliyeumizwa au jamaa za aliyeuawa, hadi shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Haitengenezi gari la mwenye bima. Bima kubwa hulitengeneza, ila ada yake hufuata thamani ya gari, na kampuni yaweza kumwongezea dereva mzee.

Kwa kuogopa nyongeza hiyo, wengine huficha umri au ugonjwa wa macho. Hilo ni hatari. Sharti la umri katika hati ya bima halimnyimi fidia aliyegongwa. Lakini kampuni ikisha kulipa, yaweza kumdai mwenye gari fedha hizo. Aidha, aliyesema uongo aweza kufutiwa bima yote, deni likaangukia shamba lake.

Basi mwanachama na ajaze fomu kwa ukweli, asomewe masharti kabla ya kutia sahihi, na aulize bei kwa kampuni zaidi ya moja.