Sumu ya shambani haitoki kwa maji matupu

Mkulima aliyemaliza kunyunyizia nyanya dawa ya wadudu mara nyingi hunawa kwa maji ya mfereji, akajiona safi, akaketi kula. Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa nyingi za jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi, zina asili ya mafuta. Maji hupita juu tu, nazo huendelea kupenya ngozini.

Si sumu ya kuchezea. Mwaka 1936 mkemia Mjerumani, Gerhard Schrader, akitafuta dawa ya wadudu, aligundua tabuni, ambayo baadaye ilifanywa silaha ya vita. Ukoo ni huo huo: huvuruga mishipa ya fahamu, mtu akatokwa mate na jasho, mboni zikasinyaa, hatimaye pumzi ikakata.

Dawa yake ya kwanza ni sabuni. Chembe yake ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji, hivyo sumu hubanduka na kuchukuliwa. Viwanda hutia kitu cha aina hiyo ndani ya dawa yenyewe, ndiyo maana ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama maziwa.

Nguo zivuliwe kwanza, kisha mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha. Dodoki liachwe, kwani ngozi iliyochubuka huifungulia sumu njia.

Lakini sabuni huhamisha sumu tu, haiimalizi. Maji hayo yasimwagwe karibu na kisima, wala nguo za shambani zisifuliwe pamoja na za watoto. Mwenye dalili akimbizwe hospitali, na lebo ya dawa ichukuliwe.