Vimeng'enya vya Ini Vikipanda Kidogo: Tusikimbilie Kuhukumu



Hapa Pemba kijana hupimwa damu kwa sababu nyingi: ajira, safari au maradhi. Akirudi na jibu kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo, wengine hunong'ona kuwa ni mlevi, na wengine humtafutia miti shamba ya kusafisha ini. Yote mawili yanaweza kumdhuru.

Vimeng'enya hivyo, hasa ALT na AST, hufanya kazi ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia, huvuja na kuingia katika damu. Maabara nyingi huhesabu ALT ya hadi uniti 40 hivi kwa lita kuwa ya kawaida. Kuzidi kidogo ni dalili tu, siyo jina la ugonjwa.

Sababu zinazoonekana kwa vijana ni hizi:
- Kazi nzito. AST imo pia katika misuli, hivyo kubeba magunia ya karafuu kunaweza kuipandisha kwa siku kadhaa.
- Dawa, kama za kifua kikuu, parasetamo iliyozidi kipimo, na baadhi ya miti shamba.
- Mafuta kwenye ini, hasa kwa wanene na wenye kisukari, hata wasioonja pombe.
- Pombe yenyewe.
- Homa ya ini aina ya B.

Hii ya mwisho tuizingatie zaidi. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Si kwa kula sahani moja wala kupeana mikono. Tena, ALT inaweza kuwa ya kawaida huku virusi vipo. Ndiyo maana homa hii ina kipimo chake.

Tunashauri kijana amweleze daktari dawa zote anazotumia, arudie kipimo atakapoambiwa, na apimwe homa ya ini B. Asiache dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wake. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wanakamati, tunawaomba mtunze siri ya kijana na kumsaidia nauli ya kurudi hospitali. Wafadhili, mchango wenu ulipie pia kipimo cha pili, kwa kuwa cha kwanza peke yake huacha familia na hofu tu.