Je, Wajua? Bwawa la Yadi 25

Je, wajua kwamba vyuo vikuu vya Marekani huogelea kwenye bwawa ambalo kwingineko halipo kabisa katika hesabu za mashindano? Lina yadi 25, yaani mita 22.86. Kwingineko duniani hutumika mita 25 au mita 50, na rekodi ya dunia haiandikwi kwa yadi hata uwe na mbio za papa. Caeleb Dressel wa Chuo Kikuu cha Florida alimaliza yadi 100 za mtindo huru kwa sekunde 39.90 mwezi Machi 2018. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 40 kabla yake, na bado katika orodha ya rekodi za dunia jambo hilo halimo.

Mara mbili, mwaka 2000 na 2004, fainali za NCAA, shirikisho linalosimamia michezo ya vyuo, zilifanyika kwenye mita 25 kwa kuwa ilikuwa miaka ya Olimpiki. Kisha wakarejea kwenye yadi zao. Mazoea yana taabu!

Msimu wenyewe hufunguliwa majira ya vuli na kufikia kilele Machi. Kabla ya hapo kocha anapaswa kujua saa zake. Katika Daraja la Kwanza la NCAA, mwanafunzi hawezi kufundishwa zaidi ya saa 20 kwa wiki wala saa 4 kwa siku, na lazima apate siku moja ya mapumziko. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3 tu, hata kama timu imeingia bwawani alfajiri na kutoka usiku. Ni hesabu ya ajabu, lakini ndiyo iliyoandikwa.

Je, wajua kwa nini wanafunzi hawa hukaa sana chini ya maji? Kanuni inawaruhusu kuzama hadi mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila kona, katika mtindo huru, mgongo na kipepeo. Mita 15 kwenye bwawa la mita 50 si kitu kikubwa. Kwenye bwawa la mita 22.86 ni karibu theluthi mbili ya safari! Katika mbio za yadi 100, zenye safari 4, unaweza kupita mita 60 kati ya 91 bila kuinua kichwa. Ndiyo maana makocha wengi huwashughulikia vijana sana kwa teke la pomboo, miguu yote miwili ikipiga kwa pamoja.

Kikomo hicho kilianzia kwa mwanafunzi mmoja wa Harvard. David Berkoff alikuwa akianza mbio za mgongo kwa kuzama zaidi ya mita 30, mikono imenyooka, miguu ikichapa. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 katika mchujo, kwa sekunde 54.51. Fainali ilichukuliwa na Daichi Suzuki wa Japani, naye pia akiwa chini ya maji sehemu kubwa. Wakubwa wa mchezo wakaona mtindo wa mgongo unageuka mchezo wa kuzamia. Baada ya Seoul wakaweka kikomo cha mita 10, baadaye wakakisogeza hadi 15. Mtindo huru na kipepeo vilifuata mwaka 1998.

Kipepeo nacho kina mizizi chuoni. Miaka ya 1930, David Armbruster, kocha wa Chuo Kikuu cha Iowa, alikuwa akitafuta namna ya kumwongezea kasi muogeleaji wa kifua: mikono irudi mbele juu ya maji, miguu yote miwili ipige kwa pamoja. Kwa miaka mingi watu waliogelea hivyo ndani ya mbio za kifua, hadi mwaka 1952 mitindo hiyo miwili ilipotenganishwa. Olimpiki ya kwanza ya kipepeo ilikuwa Melbourne, 1956.

Je, wajua kwamba mbio ndefu za vyuo, yadi 1,650, waogeleaji huziita maili ingawa zimepungukiwa na mita 100 hivi? Ni safari 66. Mwenzako hupiga magoti upande wa kugeukia, akizamisha kibao chenye namba. Namba zote ni witiri, kwa sababu upande ule unafika kwenye safari ya 1, 3, 5 na kuendelea. Safari ya mwisho kibao huwa rangi ya chungwa. Mwenye kibao akikosea, shauri lako: jukumu la kumaliza umbali ni la muogeleaji.

Na ukishamaliza, tulia. Februari 2024, kwenye ubingwa wa kanda ya ACC, Owen Lloyd wa chuo cha NC State alishinda yadi 1,650, na aliyemfuata alikuwa mwenzake wa timu, Ross Dant. Lloyd akavuka kamba, akaingia njia ya Dant ili wakumbatiane. Wengine walikuwa bado wanaogelea. Akaenguliwa, na ubingwa ukaenda kwa Dant, yuleyule aliyekumbatiwa! Kwa maoni yangu adhabu ilizidi kosa. Lakini wanawake wa Australia walikuwa wameshaonja uchungu huo Fukuoka mwaka 2001: walishinda mbio za kupokezana za mita 200 mara 4, wakarukia majini kushangilia kabla timu zote hazijafika, na medali ikawaponyoka.

Afrika ipo katika hadithi hii ya vyuo vya Marekani. Jason Dunford wa Kenya aliogelea Stanford, mdogo wake David akaogelea Arizona. Jason alikuwa wa tano katika fainali ya mita 100 kipepeo Beijing 2008, kisha akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alipitia Auburn. Leo ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Tuwageukie wenzao wa bwawani, wapiga mbizi. Je, wajua kwamba hao hurukia namba? Chukua mruko wa 5132D. Tarakimu ya 5 ni kundi la mizunguko, 1 ni kuelekea mbele, 3 ni nusu tatu za kujipindua, 2 ni nusu mbili za kuzunguka, na D ni uhuru wa umbo la mwili. Majaji wakiwa 5, alama ya juu na ya chini hutupwa, zilizobaki hujumlishwa na kuzidishwa kwa ugumu wa mruko. Mazoezini, mruko mpya hujaribiwa juu ya mapovu ya hewa yanayopulizwa kutoka chini ya bwawa, maji yalainike. Siku ya mashindano mapovu hayapo, na karatasi yenye orodha ya miruko yako imeshakabidhiwa. Ukiandika 5132D kisha ukaruka 5134D, ambao una mzunguko mzima wa ziada, alama ni 0. Uzuri wake hauulizwi.