Samaki Tunamkagua Mashavu, Nyumba Tunanunua kwa Picha

Pale Dunga, ukitaka ngege wa kukaanga humwamini muuzaji hata kama ni shemeji yako. Unafunua mashavu uone kama bado ni mekundu, unabonyeza mwili, unanusa. Hiyo ni bidhaa ya mia chache tu. Sasa niambie, mbona nyumba ya mamilioni tunanunua kwa picha tatu za WhatsApp na maneno matamu ya broka?

Nauliza kwa sababu shangazi yangu nusura aliwe. Alikuwa ameweka akiba miaka 14 kwenye sacco, kisha akapata nyumba ya vyumba vitatu upande wa Nyamasaria. Tulienda kuiona Januari. Rangi mpya, vigae vinang'aa, ua umekauka kau. Broka akaanza kutuharakisha: "Mama, kuna mtu wa Nairobi analeta pesa kesho." Shangazi akawa tayari kulipa amana.

Nikatoka nje kununua maji. Mama anayeuza omena kando ya barabara akaniuliza polepole, "Nyathina, ni nyinyi mnanunua hiyo nyumba? Rudini Aprili kwanza." Akanionyesha ukuta wa kibanda chake. Alama ya maji ya mvua iliyopita ilikuwa inanifika gotini. Hapo ndipo nilijua ile rangi mpya ilikuwa ya kazi gani.

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini somo moja la uchumi lilinibakia. Mwaka 1970, Mmarekani George Akerlof, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel 2001, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu, mnunuzi hajui. Mnunuzi akiogopa, anataka kulipa kidogo kwa kila gari, basi mwenye gari zuri anajitoa sokoni na mabovu yanabaki. Nyumba ni hivyo hivyo, ila gari bovu utalivuta hadi gereji. Nyumba iliyo kwenye njia ya maji haihamishiki.

Na maji ya kwetu hayana utani. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiwango cha 1964, likaingia hadi ndani ya nyumba za watu ufukweni. Mto Nyando nao hufurika uwanda wa Kano mara kwa mara.

Utaambiwa ufanye sachi ya ardhi. Fanya. Itakuonyesha jina la mwenye ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Jina likiwa la babu aliyefariki na familia haijamaliza mirathi kortini, huyo anayekuuzia hana cha kuuza. Mipaka nayo ipimwe na mpima ardhi wako, si yule aliyeletwa na broka.

Lakini sachi haina mahali pa kuandika mafuriko. Hayo yanajulikana na majirani. Kwa hivyo rudi siku ya mvua, bila broka, uulize watu wa bodaboda, mama mboga na mpangaji wa nyumba ya pili.

Shangazi bado anapanga Manyatta na pesa zake ziko salama. Ile nyumba iliuzwa Machi. Aliyeinunua simjui. Natamani tu angesimama kidogo kwa yule mama wa omena.