Kasisi na mchawi, kila mmoja na deni lake

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons huko Marekani, mchezaji alichagua kuwa mpiganaji, mchawi au kasisi. Kasisi alizaliwa mezani kwa Arneson: mchezaji mmoja alikuwa mnyonya damu asiyeshikika, ikabidi atafutwe mtu wa dini wa kumkabili. Tangu hapo wachezaji wanabishana nguvu ipi imezidi, ya miungu au ya vitabu.

Mimi naona mizani haiko kwenye ukali wa pigo. Iko kwenye gharama, na mchawi wa zamani aliilipa hasa. Katika toleo la 1978 alianza bila deraya, uhai wake ukiamuliwa na dadu ya pande 4. Alikuwa na tabano moja kwa siku; akilitamka linamtoka kichwani, wazo lililotokana na hadithi za mwandishi Jack Vance, mpaka apumzike na kukidurusu tena kitabu chake. Kitabu kikiungua, kazi anayo. Basi akifikia kurusha mpira wa moto unaoteketeza chumba kizima, nani atamwonea kijicho?

Kasisi alivaa deraya, akashika rungu, wala hakuhitaji kitabu. Deni lake lilikuwa utii. Mwongozo wa 1979 ulieleza kwamba matabano ya ngazi ya 3 hadi 5 aliletewa na watumishi wa mungu wake, na ya juu zaidi alipewa na mungu mwenyewe. Akikengeuka, ananyimwa.

Toleo la 2000 lilimpandisha kasisi hadi matabano ya ngazi ya 9, sawa na mchawi, likamwachia deraya yake. Kwenye meza nyingi utii ukasahauliwa, naye akawa anatibu, anatabana na kupigana kumshinda mpiganaji. Toleo la 2014 lilipunguza makali: matabano mengi makubwa yanadai umakini, na huwezi kushikilia mawili kwa pamoja. Ni dawa nzuri, ila haigusi imani.

Kwa hiyo, mwendesha mchezo, kabla hujagusa namba, muulize mchezaji wako mungu wake anakataza nini, mkubaliane mapema. Kisha simamia neno lako. Kasisi wa mungu wa makaburi akiruka maiti wasiozikwa kukimbilia dhahabu, kesho yake alfajiri akiomba tabano la ngazi ya 6, mnyime.